Uliza Mzee wa Vifungu: Kukopa kimyakimya, jiwe moja, na pikipiki iliyoibwa na mwenyewe

Jamani meseji za mwezi huu zimenielemea, nusu zinahusu wizi na nusu zinahusu kuua, na zote zina ugonjwa mmoja: mtu anaangalia kilichotokea, anasahau kuangalia alikuwa anafikiria nini wakati mkono wake unafanya. Mahakama inaangalia vyote viwili, mkono na moyo, na vyote inabidi Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ivithibitishe, sio wewe. Ninapotaja kifungu hapa ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ya Tanzania Bara. Wa Zanzibar mna sheria yenu ya 2018, msinilaumu namba zikikataa.

Shikamoo mzee. Nafanya kazi kibanda cha wakala wa pesa. Mdogo wangu aliumwa ghafla usiku, nikachukua 180,000 kwenye droo ya bosi, nikaandika kwenye daftari kwamba narudisha tarehe 30 mshahara ukitoka. Bosi akapiga hesabu tarehe 24, saivi niko nje kwa dhamana ya polisi. Mimi sijaiba mzee, nilikopa. Daftari ninalo. (Binti wa Mbagala)

Marahaba mwanangu, pole na kuuguza. Sasa nikuambie kitu ambacho hutakipenda.

Kifungu cha 258 kinasema mwizi ni anayechukua kitu kinachoweza kuibwa, kwa hila, bila kuwa na madai ya haki juu yake. Wengi wakisikia hapo wanadhani hila lazima iwe nia ya kukaa na kitu moja kwa moja. Hapana. Kifungu chenyewe kinataja nia kadhaa zinazohesabika kuwa hila, na kwenye pesa kimewekwa kipengele chake peke yake, kwamba ukichukua kwa nia ya kuzitumia unavyotaka wewe, hata kama moyoni ulipanga kurudisha baadaye, bado ni wizi. Waliotunga walikujua wewe kabla hujazaliwa. Na kwa sababu wewe ni mwajiriwa utakuta hati ya mashtaka imeandikwa wizi wa mtumishi, kifungu cha 271, ambao ni mzito kuliko wizi wa kawaida.

Lakini subiri usilie kwanza. Swali ambalo wakili wako lazima akuulize ni hili, je hapo kibandani kulikuwa na kawaida ya wafanyakazi kuchukua kidogo, mnaandika, mnakatwa mwisho wa mwezi? Kama bosi alikuwa anajua na ananyamaza, basi ulikuwa na sababu ya kweli ya kuamini unaruhusiwa, hapo hila inayeyuka. Na hilo daftari, ni la kibanda, linakaa pale mezani bosi analifungua kila siku, au ni lako lilikuwa kwenye mkoba? La mezani ni shahidi wako. La kwenye mkoba, mmh, linaonyesha tu kwamba ulijua unachofanya. Ungemrushia bosi meseji hata moja usiku ule saa nane, "bosi nimechukua 180 mtoto anaumwa", leo tusingekuwa tunaandikiana.

Rudisha hela na uchukue risiti. Haifuti kosa, kesi ikishafika mahakamani ni ya Jamhuri sio ya bosi tena, ila inasaidia sana kwenye adhabu na mara nyingi inampoza mlalamikaji.

Mzee mambo vipi. Jamaa ana deni langu 600,000 mwaka wa pili huu. Juzi nimeenda kwake nikamkuta mkewe, nikabeba TV ya inchi 43, nikamwambia mwambie mumeo akilipa nairudisha. Leo napigiwa na askari eti nimeiba. Mimi ndo nadai, mwizi nani hapo? (Kaka wa Dodoma)

Kaka, uchungu wako naujua, na mimi nina mtu ananikimbia tangu mwaka juzi, kila nikipiga "yuko kwenye kikao". Lakini hayo maneno uliyomwachia mke wa mtu ndiyo yatakayokuumiza. Kwenye ile orodha ya nia za hila niliyoitaja hapo juu kuna moja inasema wazi kabisa: kuchukua kitu ili ukifanye rehani au dhamana. "Akilipa nairudisha" ni nini kama sio rehani?

Mlango wako wa kutokea ni kifungu cha 9, kwamba aliyechukua mali kwa kuamini kwa dhati ana haki nayo, bila nia ya kulaghai, hana kosa la jinai. Ukiwa uliamini kweli kwamba anayedai anaruhusiwa kubeba, na ulienda mchana kweupe, ukajitaja jina, ukasema TV iko wapi, una cha kusema mbele ya hakimu. Ukiwa uliibeba usiku halafu ukaiuza, sina la kukusaidia. Deni linadaiwa kwa kesi ya madai, Mahakama ya Mwanzo inatosha kabisa kwa kiasi hicho. Rudisha TV leo, na remote yake, watu huwa wanasahau remote.

Nimeokota simu kwenye daladala Mwanza, nikatoa laini nikatupa nikaweka yangu. Si nimeokota? Mungu kanipa. (Hakutaja jina)

Ilikuwa inaita wakati unaitoa laini?

Naomba ujijibu kwa ukweli. Sheria haimwiti mwizi mtu aliyeokota kitu akakitumia, ILA ni kama wakati anakifanya chake hakujua mwenyewe ni nani na alikuwa na sababu za maana za kuamini mwenyewe hawezi kupatikana. Noti ya elfu kumi iliyolowa mtaroni, sawa, mwenyewe utamtoa wapi. Lakini simu yenye laini ndani, kioo kinawaka "Mama" mara tatu, huwezi kumwambia hakimu hukujua pa kumpata mwenyewe. Kuokota halikuwa kosa, kosa limezaliwa pale ulipotupa laini. Na ujue simu inafuatiliwa kwa namba zake za ndani, sio kwa laini, kwa hiyo ulichotupa ni utetezi wako tu.

Kibaka alinipora mkoba stendi Arusha, nikamkimbiza, alipoona namkaribia akageuka akachomoa bisibisi akasema "njoo sasa". Nikaacha. Amekamatwa. Polisi mmoja anasema wizi, mwingine anasema unyang'anyi wa silaha. Nani yuko sahihi? (Dada wa Arusha)

Huyo wa pili, kwa nilivyokuelewa. Kukwapua mkoba tu na kutoka nduki ni wizi wa maungoni. Unakuwa unyang'anyi pale nguvu au vitisho vinapotumika, na watu wanadhani lazima viwe kabla ya kuchukua, sio kweli, sheria inasema wakati wa kuiba au mara tu kabla au mara tu baada, ili kupata kitu au kubaki nacho. Ile bisibisi ilikuwa ya kubaki nacho. Na bisibisi ukimwelekezea mtu ni silaha, haina haja ya kuwa panga. Hapo tumeingia kifungu cha 287A, unyang'anyi wa kutumia silaha, adhabu yake haishuki chini ya miaka 30 na haina dhamana. Sekunde tatu za kugeuka nyuma, miaka 30.

Dada kitu kimoja tu: maelezo yako polisi yaseme wazi bisibisi alimwelekezea NANI. Mahakama ya Rufani imeshawaachia watu kwenye mashtaka haya kwa sababu hati haikusema aliyetishiwa ni nani.

Mzee naandika natetemeka. Mwanangu wa miaka 20 yuko mahabusu Shinyanga kwa kesi ya mauaji. Mwizi wa kuku alifukuzwa na watu kama arobaini, mwanangu alirusha jiwe moja likampata mguuni akarudi zake dukani. Wengine wakaendelea kumkimbiza wanapiga kelele za "choma moto", yule mwizi akajitupa bwawani akafa maji. Kafa maji mzee, sio kwa jiwe. Na walikuwa watu arobaini, kwa nini mwanangu? (Mama mwenye mtoto mahabusu)

Pole sana dada yangu. Yako nimeisoma mara mbili na nitakaa nayo.

Kwanza niseme kitu kinachonikera. Kila siku habari zinaandikwa "ameuawa na wananchi wenye hasira kali", kama vile hao ni taasisi yenye ofisi na mhuri. Kwenye Kanuni ya Adhabu hakuna mtu anaitwa hivyo. Kuna mtu mmojammoja mwenye jina lake, aliyeshika tofali, aliyeleta tairi, aliyechangia petroli. Na hasira ya kuku watatu sio utetezi.

Sasa mwanao. Ili mtu atiwe hatiani kwa kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196, Jamhuri inatakiwa ithibitishe mambo manne bila kuacha shaka yoyote ya maana: kwamba mtu amekufa kweli, kwamba hakufa kifo cha kawaida, kwamba aliyesababisha ni huyu aliyesimama kizimbani na sio mwingine, na kwamba alikuwa na nia ovu. Likianguka moja, hiyo kesi ya kukusudia imeanguka.

Hilo la kufa maji usilitegemee sana. Kifungu cha 203 kinasema umesababisha kifo hata kama, kwa vurugu au vitisho vyako, umemfanya mtu afanye kitendo cha kujiokoa ambacho ni cha kawaida kwa mtu aliye kwenye hali ile, na kitendo hicho ndicho kikamuua. Mtu anayesikia "choma moto" nyuma yake akaruka bwawani, nani atasema sio kawaida? Kwa hiyo waliokuwa wanamkimbiza hadi ukingoni hawawezi kujificha nyuma ya maji. (Hicho kifungu kinawanasa pia wanaosema "alikuwa mgonjwa tayari": kuharakisha kifo cha mgonjwa ni kuua vilevile.)

Ila mwanao alikuwa wapi wakati huo? Hapo ndipo kesi yake ilipo. Kuna kifungu cha 23 cha nia ya pamoja, kwamba watu wakiungana kwa lengo lisilo halali na kosa likatokea ambalo ni matokeo yanayotegemewa ya lengo hilo, kila mmoja anahesabika kalifanya. Upande wa mashtaka watakitumia hicho. Utetezi utauliza, je alikuwa bado kwenye lengo la kundi au alishajitoa akarudi dukani? Nani alimwona dukani? Alimuuzia nani nini? Tafuta huyo mteja dada, hata kama alinunua kiberiti tu, jina lake limfikie wakili mapema, kabla hajahama mtaa au hajatishwa.

Kuhusu nia ovu, kifungu cha 200 hakisemi lazima utake afe, kutaka kumdhuru vibaya kunatosha, kwa hiyo wale wa "tulitaka kumfundisha adabu tu" na nondo mkononi wasijidanganye. Mahakama inaipimaje nia wakati haiingii kichwani mwa mtu? Kuna kesi maarufu ya Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, ya Mahakama ya Rufani, rufaa namba 150 ya 1994, kila wakili anaijua kama jina lake. Wanaangalia silaha ilikuwa ya aina gani na ukubwa gani, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyotamka, na alivyojiendesha kabla na baada ya tukio. Chukua hiyo mizani umpime mwanao: jiwe moja, mguuni, kaondoka. Halafu umpime aliyekuwa anaita petroli.

Kwa nini yeye kati ya arobaini, jibu chungu ni kwamba alitambuliwa. Na utambuzi nao una masharti yake tangu kesi ya Waziri Amani ya 1980: kulikuwa na mwanga gani, shahidi alikuwa umbali gani, alimwangalia kwa muda gani, alimfahamu kabla? Kama ilikuwa usiku wa tochi za simu, wakili akomae hapo.

Kesi ya mauaji haina dhamana na inasikilizwa Mahakama Kuu, kwa hiyo mtaenda sana mahakama ya wilaya kusikia "upelelezi haujakamilika". Mpelekee nguo na chakula, na kama hamna hela ya wakili, msihangaike kuuza shamba, kwenye kesi za mauaji serikali inamwekea mshtakiwa wakili.

Mzee wa vifungu, tulikuwa kilabuni Mbeya, mshkaji akamsukuma mwenzake kwa ugomvi wa bili, jamaa akaanguka akapiga kisogo kwenye ngazi. Akaamka, akanywa tena, akaenda nyumbani. Kafa baada ya wiki tatu hospitali. Hiyo nayo ni kuua? Wiki tatu? (Shahidi asiyetaka kuwa shahidi)

Kuua ndiyo, kukusudia sidhani. Sheria yetu inahesabu hadi mwaka mmoja na siku moja tangu tendo, kwa hiyo wiki tatu ni kama jana. Na kusema "angeenda hospitali mapema angepona" hakumwokoi mshkaji, kifungu kilekile cha 203 kimeziba hilo tundu: aliyejeruhiwa kutojitibu vizuri hakumfuti aliyemjeruhi.

Lakini msukumo mmoja wa mikono mitupu, kwenye ugomvi uliolipuka palepale, hapo nia ovu wataitoa wapi? Hii inanukia kuua bila kukusudia, kifungu cha 195. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba kifo kilichotokana na watu kupigana kwa kawaida kinaangukia huko. Wasikudanganye eti "bila kukusudia" ni kosa dogo, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, ila hakimu au jaji ana uhuru wa kushuka, wapo wanaopata miaka michache na wapo wanaotoka kwa masharti. Tofauti na kukusudia ni kubwa mno kwa sababu kule jaji hana uhuru wowote.

Na wewe, ukiitwa nenda. Ulichoona, kwamba alisukuma mara moja tu, ndicho kitamsaidia mshkaji wako kuliko kujificha kwako.

Nilimfumania mke wangu. Nikaenda nyumbani kuchukua panga, nikarudi... mzee sitaki kumalizia. Hakufa mtu. Nilitaka kujua tu ingekuwaje. (Wa Morogoro)

Nashukuru hakufa mtu, na nitakujibu kavu.

Kukasirishwa ghafla, kifungu cha 201, kunashusha kosa kutoka kukusudia kwenda bila kukusudia, kama uliua palepale hasira imepanda, kabla haijapata muda wa kupoa. Ile safari ya kwenda nyumbani ndiyo inayokumaliza. Ni dakika ngapi, ishirini? Ulipita kwa majirani? Uliwasalimia? Jaji anayesikia kwamba ulifungua kufuli, ukachagua panga na sio fimbo, ukarudi, ataona mtu aliyepanga. Na ukipatikana umekusudia, kifungu cha 197 kina adhabu moja tu, kunyongwa. Huku kwetu hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 1990, na Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilisema Novemba 2019, kwenye kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba kumfunga jaji mikono kwa adhabu hiyo moja kunakiuka haki ya kuishi. Wakenya wao Mahakama yao ya Juu iliwafungulia majaji mikono Desemba 2017 kwenye kesi ya Muruatetu. Kwetu watu wanakaa gerezani wanasubiri kitu ambacho hakiji na hakiondoki. Hilo panga lipeleke kwa kaka yako akutunzie, na wewe uende ukalale huko wiki mbili.

Mzee swali jepesi. Fundi alikaa na pikipiki yangu wiki nzima, katengeneza, anataka 85,000. Nikaenda usiku na funguo ya akiba nikaichukua. PIKIPIKI NI YANGU, kadi ina jina langu. Eti kaenda polisi kuripoti, kachukua RB, ile karatasi ya namba ya taarifa, ya wizi. Mtu anaibaje cha kwake? (Bodaboda wa Tanga)

Anaiba vizuri tu mdogo wangu. Kifungu cha 258 kinazungumzia mmiliki wa jumla, ambaye ni wewe mwenye kadi, na mmiliki maalumu, ambaye ni mtu yeyote mwenye haki ya kukishikilia kile kitu, kama fundi ambaye hajalipwa kazi yake. Ukimnyang'anya haki hiyo kwa hila, cheo chako cha mwenye mali hakikukingi. Utasema uliamini ni haki yako kwa vile ni yako, sawa, huo ni utetezi, ila kwa nini usiku? Kwa nini funguo ya akiba na sio kumgongea?

Nenda kesho asubuhi na 85,000, muombe radhi mbele ya mwenzake mmoja, akafute hiyo RB mkiwa wote. Na ile betri mpya aliyofunga, kama ulikuwa na wazo la kuing'oa umrudishie ili upunguziwe bei, iache hapohapo ilipo.